Mbeleko ya 2019: Kisa cha The Marvels

Ijumaa ya tarehe 10 Novemba 2023, The Marvels iliingia kwenye majumba ya sinema ya Marekani. Hadi Jumapili usiku ilikuwa imekusanya dola milioni 46 kwa Marekani na Kanada. Kwa watayarishaji wengi wa filamu, hizo ni hela za kuchinja ng'ombe na kualika mtaa mzima. Kwa Marvel Studios zilikuwa hela za matanga. Katika filamu 33 za mfululizo wao haijawahi kutokea wikendi ya kwanza mbovu kiasi hicho. Hata The Incredible Hulk ya 2008, ambayo siku hizi hata mashabiki sugu huisahau wanapohesabu, ilifungua na milioni 55, tena kwa bei za tiketi za miaka kumi na mitano nyuma. Wikendi ya pili The Marvels ikaambulia milioni 10 na ushee. Mauzo yalikuwa yameporomoka kwa asilimia 78 ndani ya siku saba. Mwanzoni mwa Desemba Disney, wamiliki wa Marvel Studios, wakatoa taarifa fupi kwamba hawataendelea kutangaza kila wikendi mapato ya kimataifa ya filamu hiyo. Kwa lugha ya kwetu, duka lilifungwa mchana kweupe. Hesabu ya mwisho, dunia nzima, ikasimama kwenye dola milioni 206.

Namba hiyo peke yake haisemi mengi mpaka uiweke pembeni ya dada yake. Captain Marvel, filamu iliyoitangulia, yenye mhusika yuleyule Carol Danvers, ndiye Captain Marvel mwenyewe, na mwigizaji yuleyule Brie Larson, iliingiza dola bilioni 1.13 mwaka 2019. Kutoka filamu ya kwanza hadi ya pili zaidi ya milioni 900 zimeyeyuka. Sijui filamu nyingine ya mwendelezo, katika ukoo wowote wa mashujaa, iliyowahi kuporomoka kwa fedha nyingi hivyo kutoka ile iliyoitangulia.

Majibu yalitoka kabla maiti haijapoa. Watu wamechoka na mashujaa. Watu hawataki mashujaa wa kike. Ni mgomo wa waigizaji. Ni korona. Nimeyasoma yote, na kila moja lina chembe ya ukweli, lakini yote yanaanza kuhesabu 2023. Mimi naona kosa lilifanyika miaka minne kabla, siku ile watu walipoitazama bilioni ya 2019 na kuamini kwamba ni mali ya Carol Danvers.

Turudi nyuma. Mwishoni mwa Aprili 2018 ilitoka Avengers: Infinity War. Thanos, adui mkuu wa mashujaa wote, akapiga kidole, nusu ya viumbe vyote vikageuka vumbi. Sisi tuliokulia kwenye vibanda umiza tulilelewa na sheria moja tu: steringi hafi. Unaweza kumpiga, kumfunga, kumtupa baharini, lakini kabla umeme haujakatika atarudi kulipiza kisasi. Hapa masteringi wakafa nusu, taa zikawaka, watu wakabaki wamekaa. Kisha, baada ya majina yote kupita, Nick Fury, jasusi anayewakusanya mashujaa, akaonekana akitoa peja ya zamani na kubonyeza, naye akawa vumbi kabla hajamaliza neno lake. Peja ikaanguka chini. Kwenye kioo chake ikatokea nembo ya nyota, nyekundu na bluu. Ilikuwa nembo ya Captain Marvel.

Mwaka mzima dunia ikawa inasubiri jibu la peja ile. Captain Marvel ikatoka tarehe 8 Machi 2019, na Avengers: Endgame, mwendelezo wa Infinity War, ikafuata tarehe 26 Aprili. Wiki saba tu. Ilikuwa kama kipindi cha mwisho kabla ya mtihani wa taifa: hata mtoro sugu alihudhuria, maana huwezi kujua mwalimu atagusia nini. Ikafungua kwa dola milioni 153 nchini Marekani na milioni 455 kwa dunia nzima. Endgame yenyewe ikafikia bilioni 2.798.

Sasa hapa kuna jambo ambalo wahasibu wa studio, kwa maoni yangu, walilipita haraka. Kila filamu ya Marvel iliyotoka karibu na kilele kile ilibebwa, na kiasi cha kubebwa kinapimika. Ant-Man ya 2015 ilipata milioni 519; ya pili, iliyotoka Julai 2018 watu wakiwa bado na majonzi ya Thanos, ikapata milioni 622. Spider-Man: Homecoming ya 2017 ilipata milioni 880, Far From Home, iliyotoka takriban miezi miwili baada ya Endgame, ikavuka bilioni 1.1. Filamu mbili, wahusika walewale, na zote mbili zikapanda. Captain Marvel ilikuwa kwenye mbeleko ileile, tena katikati ya mgongo, mahali pazuri kuliko zote. Tofauti ni kwamba haikuwa na filamu iliyoitangulia. Hapakuwa na kipimo. Ant-Man ukimpima unajua kabisa kaongezewa milioni mia. Captain Marvel ukimpima unaona bilioni moja, basi. Mtoto aliyezaliwa mgongoni utajuaje kama anajua kutembea?

Msomaji makini ataniuliza: mbona basi Ant-Man hakufika bilioni, naye alikuwa kipindi kilekile? Swali la haki. Mbebwa hujikaza, na Carol alijikaza. Ilikuwa filamu ya kwanza ya Marvel Studios kuongozwa na mhusika mkuu wa kike peke yake, ikatolewa makusudi Siku ya Wanawake Duniani, na zaidi ya yote peja ile ilimwita yeye, haikumwita Ant-Man. Sehemu ya ile bilioni ni yake kwa jasho lake. Ninachobisha ni kwamba studio ilipanga bajeti, tarehe na hadithi ya filamu ya pili kana kwamba yote ilikuwa yake.

Halafu wakafanya jambo la ajabu zaidi: wakamficha. Kwenye Endgame anatokea dakika chache, anavunja meli ya adui, anapotea. Baada ya hapo, kwa zaidi ya miaka minne, mtu aliyetaka kumwona Carol Danvers alipaswa kungojea vipande vya baada ya majina: kimoja mwishoni mwa Shang-Chi ya 2021, kingine mwishoni mwa Ms. Marvel ya 2022. Mhusika ambaye filamu yake imevuka bilioni moja akageuzwa mgeni wa kupita mlangoni.

Nilikwenda kuitazama The Marvels na mpwa wangu. Mwaka 2019 alikuwa mtoto wa darasa la sita aliyejua majina ya mawe yote ya Thanos na rangi zake. Dakika kama ya kumi akaninong'oneza swali ambalo kwenye kibanda umiza huulizwa na aliyechelewa kuingia: "Anko, steringi yupi?" Nikamwonyesha Carol. "Na hao wawili?"

Hapo nikakwama, kwa sababu jibu lilikuwa refu. Monica Rambeau, aliyeigizwa na Teyonah Parris, tulimwona akiwa mtoto kwenye Captain Marvel, lakini ukubwani na nguvu zake za mwanga alizipata ndani ya WandaVision, vipande tisa vilivyotoka mwaka 2021 kwenye Disney+, huduma ya Disney ya kutazama kwa mtandao. Kamala Khan, aliyeigizwa na Iman Vellani, alianzia kwenye Ms. Marvel, vipande sita, 2022, hukohuko Disney+. Na Nick Fury wa Samuel L. Jackson alikuwa ametoka tu kwenye Secret Invasion, vipande vingine sita, vilivyomalizika Julai 2023. Jumla ni vipande ishirini na kimoja vya runinga kabla ya kukata tiketi ya filamu moja. Huku kwetu Disney+ haikuwa imefunguliwa rasmi, si Dar wala Nairobi. Walioziona ni waliojua njia za panya. Lakini hata Marekani, ambako huduma ile ilikuwa kwenye kila runinga, watu hawakuwa wamefanya kazi hiyo ya nyumbani.

Kevin Feige, bosi wa Marvel Studios, alikuja kulikiri hili mbele ya waandishi wa habari Julai 2025. Kwa maelezo yake mtazamaji alijisemea hivi: huyu mmoja namfahamu kutoka filamu ya bilioni, wale wawili sijui ni nani, nadhani walikuwa kwenye vipindi vya runinga, naipita hii. Swali la mpwa wangu, lililoulizwa na wengi hata kabla hawajafika mlangoni. Siku hiyohiyo Feige alitoa hesabu nyingine iliyonishtua zaidi: kuanzia mwanzo hadi Endgame walikuwa wametengeneza takriban saa 50 za hadithi. Miaka sita iliyofuata ikazaa zaidi ya saa 100. Mara mbili ya kazi kwa nusu ya muda. Agizo lilikuwa limetoka juu, Disney+ ilizinduliwa Novemba 2019 na ilihitaji kulishwa, na chakula kilichokuwa kinapendwa kuliko vyote kilikuwa Marvel.

Kinachouma ni kwamba filamu yenyewe haikuwa takataka. Ina dakika 105, fupi kuliko filamu zote za mfululizo, na wazo lake la msingi ni zuri: nguvu za wanawake hawa watatu zimefungamana, kila wanapozitumia kwa pamoja wanabadilishana mahali. Mmoja anapigana sebuleni kwa mama yake Kamala, ghafla yupo angani kwenye chombo cha kigeni, na mwenzake kaangukia kwenye kapeti. Vurugu ile imepangwa kwa ustadi. Kuna sayari ambayo watu wake huzungumza kwa kuimba. Kuna paka wanaomeza watu ili kuwaokoa. Nilicheka kwa sauti, na mimi si mwepesi wa kucheka sinema.

Ila hadithi kubwa waliiacha nje ya filamu. Adui, Dar-Benn wa Zawe Ashton, anaiba hewa, maji na jua vya sayari nyingine ili kuiponya sayari yake Hala. Kwa nini Hala inakufa? Kwa sababu Carol, kati ya filamu ya kwanza na ya pili, alikwenda kuiharibu akili kuu iliyokuwa ikiwatawala watu wale, akidhani anawakomboa, na badala yake vita vya wenyewe kwa wenyewe vikazuka mpaka jua lao likafifia. Kule Hala wanamwita Mwangamizi. Fikiria kidogo: steringi mwenye nguvu kuliko wote ameua jua la watu. Hiyo ni filamu nzima! Ni msiba, ni hatia, ni sababu ya mtu kujificha angani miaka yote ile. Sisi tulipewa kama kumbukumbu ya dakika chache, katikati ya mbio za kwenda kwenye tukio jingine. Filamu iliyokuwa inadai ujue vipande ishirini na kimoja vya wengine haikupata nusu saa ya kueleza maumivu ya mhusika wake mwenyewe.

Watazamaji walilihisi. Kwenye CinemaScore, upimaji ambao huwauliza watu mlangoni usiku wa kwanza nchini Marekani, Captain Marvel ilipata A. The Marvels ikapata B. Kwa mtu wa nje B ni alama nzuri. Kwa filamu za mashujaa, ambazo hujaza ukumbi usiku wa kwanza kwa mashabiki waliokuja wakiwa tayari wamependa, B ni onyo. Maana yake hata waumini hawakutoka wakishawishi majirani. Ndiyo asili ya ile asilimia 78.

Tarehe nazo zilikuwa kizungumkuti. Filamu ilipangwa kwanza Julai 2022. Ikasogezwa Novemba 2022, kisha Februari 2023, kisha Julai 2023, hatimaye Novemba. Kila kusogea kulikuwa na sababu, korona ikiwa mojawapo. Februari ile ilichukuliwa na Ant-Man and the Wasp: Quantumania, iliyofungua kwa milioni 106 na kuishia 476, ikiwa na CinemaScore ya B vilevile. Mtu aliyetoka kwenye Quantumania na mdomo mchungu hakuwa na hamu ya kukopeshwa tena. Na mgomo wa waigizaji uliisha tarehe 9 Novemba, siku moja kabla ya filamu kutoka, kwa hiyo Larson, Parris na Vellani walikaa kimya miezi yote ambayo kwa kawaida wangekuwa kwenye viti vya mahojiano wakichekesha watu. Vellani, kijana aliyependwa na kila aliyemwona, ndiye hasa angeweza kumjibu mpwa wangu mapema. Alipoulizwa baadaye kuhusu mauzo, alisema mambo ya fedha ni ya Bob Iger, mkuu wa Disney wakati ule. Nampa heko.

Na fedha zenyewe? Nyaraka za kampuni zilizowasilishwa Uingereza, ambako filamu ilipigwa, zilionyesha gharama iliyozidi dola milioni 200 hata baada ya kuondoa nafuu ya kodi ya serikali, na matangazo hayamo. Ukumbi wa sinema huchukua sehemu yake: Marekani studio hubaki na karibu nusu ya bei ya tiketi, nje ya Marekani mara nyingi chini ya hapo, na China robo tu. Kwa hiyo katika zile milioni 206, zilizorudi Disney ni kama milioni mia moja. Hata ukitumia kikokotoo cha huruma hupati faida. Na China yenyewe, iliyokuwa imeipa Captain Marvel karibu milioni 154, safari hii ilitoa chini ya 20. Kwa zaidi ya miaka mitatu kabla ya Februari 2023 hakuna filamu mpya ya Marvel iliyoonyeshwa kule; ziliporudi, watazamaji walikuwa wamepata mashujaa wao wa nyumbani. Pengo hilo halikuzibwa na soko lolote jingine.

Kuhusu nadharia ya wanawake, nitasema haraka kwa kuwa inanichosha. Captain Marvel ilishambuliwa mtandaoni kabla haijatoka, kiasi kwamba tovuti ya Rotten Tomatoes ilibadili utaratibu wake na kuzuia watu kuandika maoni juu ya filamu ambayo bado haijaonyeshwa. Ikaingiza bilioni moja. Julai 2023, miezi minne kabla ya The Marvels, Barbie iliingiza zaidi ya bilioni 1.4. Juni mwaka huohuo The Flash, yenye shujaa wa kiume na Batman wa zamani juu yake, ilipata milioni 271 tu. Shazam ya pili ikapata 134, Blue Beetle 130. Wanaume nao walikuwa wanazama, tena bila kelele.

Uchovu wa mashujaa unahitaji mjadala mrefu zaidi, kwa kuwa ndiyo nadharia inayopendwa. Lakini 2023 hiyohiyo Guardians of the Galaxy Vol. 3 ilipata milioni 845 na filamu ya katuni ya Spider-Man ikapata 690. Mwongozaji wa Guardians, James Gunn, alikuwa anafunga hadithi yake mwenyewe aliyoianza 2014. Mtazamaji alijua anakwenda kumuaga nani. Hakuna aliyehitaji kazi ya nyumbani ili kumlilia Rocket, mmoja wa mashujaa wake. Watu walichokuwa wamekichoka ni deni, ile hisia kwamba kila tiketi unayokata ni rehani ya tiketi inayofuata. Zamani rehani hiyo ilikombolewa: ulingojea miaka, mwisho ukapewa Thanos. Baada ya Endgame waliendelea kukopa bila kutaja siku ya kulipa. Adui aliyeandaliwa kuwa mrithi wa Thanos, Kang, alianguka pamoja na Quantumania, na mwigizaji wake, Jonathan Majors, akaachishwa kazi Desemba 2023 baada ya kutiwa hatiani mahakamani.

Lawama nazo zilianza kutafuta mtu wa kumkalia. Bob Iger alisema hadharani mwishoni mwa Novemba kwamba filamu ilipigwa wakati wa korona na viongozi hawakuwepo vya kutosha kusimamia siku hadi siku. Mwongozaji alikuwa Nia DaCosta, mwanamke mweusi wa kwanza kuongoza filamu ya Marvel Studios, na mdogo kuliko wote waliowahi kukalia kiti hicho. Iger hakumtaja jina. Hakuhitaji. Studio ambayo kwa miaka kumi na mitano ilisifiwa kwa kushika usukani wa kila filamu, ghafla ilikuwa haikuwepo garini siku ya ajali. Kwa haki, baadaye Iger alikubali pia kwamba wingi wa kazi ulipunguza ubora, na Mei 2024 akatangaza mpango: filamu mbili kwa mwaka, zikizidi sana tatu, na vipindi vya runinga kama viwili.

Mwaka 2024 Marvel Studios wakatoa filamu moja tu, Deadpool & Wolverine, na ikaingiza bilioni 1.338. Shangwe. "Mashujaa wamerudi." Mimi naiona filamu ile kama mbeleko nyingine. Safari hii mgongo ulikuwa wa Hugh Jackman, Wolverine mwenyewe, ambaye watu wamekuwa naye tangu X-Men ya 2000, pamoja na kaburi zima la filamu za Fox, studio iliyotengeneza X-Men, lililofukuliwa kwa kicheko. Ilifurahisha. Lakini ilitumia akiba ya zaidi ya miaka ishirini kwa usiku mmoja, na akiba ya namna ile haijazwi tena kesho yake.

Uthibitisho ukaja 2025. Captain America: Brave New World ilipata milioni 415. Thunderbolts*, ambayo wahakiki waliipenda na watazamaji wakaipa A kasoro, ikapata 382. The Fantastic Four: First Steps ikatolewa kwa ahadi ya wazi kwamba huhitaji kuwa umetazama chochote, ikafungua na milioni 117, wikendi ya pili ikaanguka kwa takriban theluthi mbili, ikaishia 521. Upande wa pili James Gunn, sasa akiwa bosi wa DC, wapinzani wa Marvel, alileta Superman mpya aliyepata zaidi ya milioni 610 na kuzipita filamu zote tatu za Marvel za mwaka ule. Lakini hata yeye hakuisogelea bilioni, na filamu yake iligharimu 225.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema "tengenezeni filamu nzuri, watu watarudi." Thunderbolts* ilikuwa nzuri. Mtu aliyeumwa na nyoka akiona ukuti hushtuka, na mtazamaji aliyeumwa na Quantumania hangoji kuambiwa kwamba hii ni tofauti. Anangoja mpaka aione nyumbani. Deni la The Marvels lililipwa na filamu zisizohusika. Kwa hiyo mustakabali wa filamu hizi, kwa macho yangu, uko kwenye bajeti kabla haujawa kwenye muswada. Kama shujaa wa kawaida sasa ana thamani ya milioni 400 hadi 600, basi atengenezwe kwa gharama inayoruhusu milioni 400 kuwa sherehe. Feige mwenyewe amesema gharama za filamu zao mpya zimepungua kwa kama theluthi ukilinganisha na miaka ile ya 2022 na 2023. Hiyo kwangu ni habari kubwa kuliko trela yoyote, ingawa haina muziki wala moto.

Lakini tabia ya kubebwa ni ngumu kuiacha. Julai 2024, mbele ya umati wa Comic-Con, tamasha la mashabiki jijini San Diego, mtu aliyevaa joho la kijani na barakoa aliivua barakoa hiyo jukwaani, akawa Robert Downey Jr. Tony Stark wake, yaani Iron Man, alikufa kwenye Endgame. Ndiye steringi aliyekufa kweli, na kifo kile ndicho kilichofunga hesabu ya miaka kumi na moja. Sasa anarudi kama Doctor Doom, adui, kwenye Avengers: Doomsday, iliyotangazwa kutoka 18 Desemba 2026.

Machi 2025 Marvel walitangaza waigizaji wa filamu hiyo kwa namna ya ajabu: kamera ikionyesha viti vyenye majina mgongoni, kimoja baada ya kingine, kwa zaidi ya saa tano. Niliangalia kwa vipande huku nikipika. Kilikuwepo kiti cha Kelsey Grammer. Yeye ndiye Beast, yule daktari wa manyoya ya bluu anayetokea kwenye kipande cha mwisho cha The Marvels, pale Monica anapozinduka katika ulimwengu usio wake. Viti vilifika ishirini na saba. Cha Larson hakikuwepo, cha Parris hakikuwepo, cha Vellani hakikuwepo.

Mpwa wangu akaniuliza huyo mzee wa manyoya ametokea wapi.